Ubingwa wa Daraja la Chini: Florida A&M na Msimu wa 1978

Historia ya michezo huandikwa kwa kawaida kwa tarakimu: nani alishinda, nani alishindwa, mwaka gani, na kwa pointi ngapi. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini ni kama mifupa: zaonyesha kimo cha mtu, hazionyeshi uso wake. Katika kumbukumbu za mpira wa Kimarekani imeandikwa kuwa bingwa wa kwanza wa daraja lililoitwa I-AA alikuwa Chuo Kikuu cha Florida A&M, kilichokishinda Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa pointi 35 dhidi ya 28, tarehe 16 Desemba 1978. Asomaye mstari huo hupata habari ya mchezo, wala hapati habari ya maana yake. Hajui kuwa bingwa yule alikuwa chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliokatazwa kuingia katika vyuo vingine. Kuwa kwa miaka mingi timu yake haikucheza na timu za jirani zake weupe. Na kuwa taji lile lilikuja wakati ambapo kisima kilichokinywesha chuo hicho kilikuwa kimekwisha anza kutekwa na wengine. Kwa sababu hiyo msimu wa 1978 wastahili kusomwa. Ndani ya miezi minne ya mchezo ulifunua swali zito kuliko mchezo: taasisi iliyojengwa na watu waliofungiwa mlango hupata nini, na hupoteza nini, siku mlango ufunguliwapo?

Mchezo wenyewe wahitaji maelezo machache kwa msomaji aliyezoea kandanda. Pande mbili za wachezaji 11 hugombea uwanja wenye urefu wa yadi 100, kwa mpira uliochongoka ncha zote mbili. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ukifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Usipofaulu, mpira huwaendea wapinzani. Mpira huweza kubebwa kwa mbio au kurushwa kwa mkono. Kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani ni pointi 6, na baada ya hapo mfungaji hupata nafasi ya kuongeza kidogo juu yake. Kwa hiyo mchezo huu ni ugomvi wa ardhi, shibiri kwa shibiri, na nguvu za mwili haziachani na hesabu za akili. Nchini Marekani huchezwa na vyuo vikuu mbele ya watazamaji maelfu kwa maelfu, na mara nyingi kocha wa chuo kikubwa hulipwa mshahara upitao wa mkuu wa chuo chenyewe.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho hujulikana kwa herufi NCAA, kilivigawa vyuo katika madaraja matatu mwaka 1973. Mwezi Januari 1978 kililigawa tena daraja la kwanza, kwa mpira wa Kimarekani peke yake, katika sehemu mbili: I-A ya vyuo vikubwa, na I-AA iliyowekwa chini yake. Kipimo cha mgawanyo hakikuwa ushujaa wala elimu. Kilikuwa ukubwa wa uwanja, wingi wa watazamaji, idadi ya michezo ambayo chuo kiliweza kuigharimia, na hesabu ya wanafunzi waliolipiwa masomo kwa sababu ya mchezo. Kwa ufupi, madaraja yalipimwa kwa mfuko na kwa viti. Yafaa jambo hilo likumbukwe, maana neno “chini” hudanganya sikio. Msikiaji hudhani kuwa aliye chini amepimwa na aliye juu akaonekana mdogo, kumbe pengine hawakupata kusimamishwa pamoja hata mara moja.

Tena palikuwa na kioja katika mpango huo. Daraja la juu halikuwa na mashindano ya kumpata bingwa. Bingwa wake alichaguliwa kwa kura: waandishi wa habari walipiga zao, na makocha walipiga zao. Katika msimu huo huo wa 1978 Chuo Kikuu cha Southern California kilikwenda Birmingham mwezi Septemba kikakishinda Chuo Kikuu cha Alabama kwa pointi 24 dhidi ya 14. Msimu ulipokwisha kila mmoja alikuwa amepoteza mchezo mmoja. Waandishi wakampa taji Alabama, aliyeshindwa mbele ya watu wake; makocha wakampa Southern California. Daraja la chini lilikwenda kwa njia nyingine. Timu nne zilichaguliwa, zikachezeshwa mashindano ya kutoana kwa juma mbili, na iliyosalia ikawa bingwa bila ya mtu kuulizwa maoni yake. Hivyo mwaka ule wakubwa walikuwa na mabingwa wawili kwa kura, na wadogo walikuwa na bingwa mmoja kwa jasho.

Ili bingwa huyo ajulikane ni lazima kurudi nyuma karibu miaka mia moja. Katiba ya jimbo la Florida ya mwaka 1885 ilikataza watoto weupe na weusi kufundishwa katika shule moja. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Oktoba 1887, chuo cha kufundishia walimu weusi kilifunguliwa mjini Tallahassee kikiwa na wanafunzi 15 na walimu wawili. Mkuu wake wa kwanza, Thomas DeSaille Tucker, alikuwa mzaliwa wa Afrika, kutoka Sierra Leone. Mwaka 1890 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya pili ya vyuo vya kilimo na ufundi. Sheria ya kwanza, ya mwaka 1862, ilikuwa imeyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo hivyo, nayo majimbo mengi ya kusini yakavijenga kwa wazungu peke yao. Sheria ya 1890 ikayataka majimbo yachague moja kati ya mawili: ama yasibague wanafunzi kwa rangi, ama yaweke chuo kingine kwa watu weusi. Kusini ikachagua la pili. Chuo cha Tallahassee kikawa ndicho chuo hicho kwa Florida, na kilimo na ufundi ndiyo maana ya herufi A na M zilizomo katika jina lake mpaka leo. Kilipewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1953.

Katika mji huo huo, umbali wa kutembea kwa miguu, kilikuwako chuo kingine cha jimbo, Florida State, kwa wazungu. Vyuo viwili vilinyeshewa na mvua moja na kuandikiwa sheria na bunge moja, lakini wanafunzi wake hawakukaa darasa moja wala timu zake hazikukutana uwanjani. Ukali wa mji ule huweza kupimwa kwa jambo moja. Mwezi Mei 1956 wanafunzi wawili wa kike wa Florida A&M walikamatwa kwa kuketi katika basi mahali palipotengwa kwa wazungu. Wenzao wakaazimia kutopanda mabasi, na mgomo ukaenea kwa watu weusi wa mji mzima.

Nyuma ya ukuta huo ndipo mchezo ulipolelewa. Jake Gaither alikuwa kocha wa Florida A&M tangu mwaka 1945 hata 1969. Timu zake zilishinda michezo 203, zikapoteza 36, na kutoka sare mara 4. Ziliitwa Rattlers, kwa jina la nyoka wa Amerika atikisaye ncha ya mkia wake ikalia kama kayamba. Katika wachezaji wake alikuwamo Bob Hayes, aliyepata medali ya dhahabu ya mbio za meta 100 katika michezo ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, kisha akawa mchezaji mashuhuri wa kulipwa. Mchezo mkubwa wa mwaka, ulioanza 1933 na kuhamia Miami mwaka 1947, uliitwa Orange Blossom Classic. Ulikuwa karamu ya watu weusi wa Florida nzima, na bendi ya chuo, iliyoanzishwa upya na William P. Foster mwaka 1946, ilisifiwa sawa na timu.

Gaither alitunga mpangilio wake wa kushambulia, akaandika kitabu juu yake, akafanya na mafunzo ya makocha chuoni kwake. Makocha wazungu walikuja kujifunza. Hapo msomaji aona sura kamili ya ubaguzi: elimu ya mchezo iliruhusiwa kuvuka ukuta ambao wachezaji wenyewe hawakuruhusiwa kuuvuka. Mwalimu aliweza kuwafundisha wale ambao wanafunzi wake hawakuweza kuwashindania. Kwa muda wa karibu robo karne alishinda, na kwa muda wote huo aliweza kuambiwa kuwa alishinda kwa sababu hakukutana na wakubwa.

Jibu la kwanza kwa maneno hayo lilikuja mwisho wa kazi yake. Tarehe 29 Novemba 1969 Florida A&M ilicheza na Chuo Kikuu cha Tampa, katika mji wa Tampa. Ulikuwa mchezo wa kwanza katika majimbo ya kusini kati ya chuo cha watu weusi na chuo chenye wanafunzi wengi weupe. Florida A&M ilishinda kwa pointi 34 dhidi ya 28. Gaither akaacha ukocha msimu ule. Alikuwa ametafuta mchezo wa namna ile kwa miaka mingi, akaupata katika msimu wa kuagana.

Lakini wakati ule ule mlango mwingine ulikuwa ukifunguka. Mwezi Desemba 1968 Chuo Kikuu cha Florida, kilichokuwa cha wazungu, kilisajili wachezaji wake weusi wa kwanza. Mwezi Septemba 1970 Southern California ilikwenda Birmingham na wachezaji weusi, ikaifunga Alabama pointi 42 dhidi ya 21, na mwaka uliofuata Alabama yenyewe ikawa na wachezaji weusi uwanjani. Yaliyokuwa yamekatazwa kwa jina la maumbile na desturi yaliruhusiwa ndani ya misimu michache, kwa sababu ushindi ulikuwa mtamu kuliko desturi. Hakuna mpenda haki awezaye kulisikitikia jambo hilo. Kijana mweusi wa Florida aliyekuwa hodari alipata sasa kuchagua chuo akitakacho, na uchaguzi huo ulikuwa haki yake tangu kuzaliwa.

Hata hivyo maji hufuata mkondo, na mkondo ulikuwa wa upande mmoja. Vyuo vikubwa vilikuwa na viwanja vikubwa, fedha nyingi, na televisheni. Vilikwenda katika shule zile zile zilizokuwa hazina ya Gaither na wenzake, vikachagua waliokuwa bora, wala havikutoa chochote badala yake. Wachezaji weupe hawakwenda kwa wingi ule ule katika vyuo vya weusi. Jambo hili halikuwa la mpira peke yake. Florida A&M ilikuwa na shule ya sheria iliyoanza kufundisha mwaka 1951. Baada ya ubaguzi kuanza kuondolewa, shule mpya ya sheria ilifunguliwa katika Florida State mwaka 1966, na ile ya Florida A&M ikanyimwa fedha na kufungwa mwaka 1968. Haikufunguliwa tena mpaka 2002, nayo katika mji mwingine, Orlando. Kuunganishwa kuliitwa kwa jina la usawa, lakini kwa matendo kulikuwa mara nyingi kuhama kwa mmoja kwenda kwa mwenziwe, na nyumba ya aliyehama kuachwa bila ya mafuta ya taa.

Katika hali hiyo alifika Rudy Hubbard mwaka 1974. Alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka 1946, naye alikuwa mtu wa nyumba zote mbili. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Ohio State chini ya kocha mashuhuri Woody Hayes, kisha akawa msaidizi wake, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika chuo hicho. Kwa hiyo elimu ambayo zamani ilivuka ukuta kutoka Tallahassee kwenda kwa wakubwa, sasa ilirudi kutoka kwa wakubwa kwenda Tallahassee. Hubbard aliwafundisha vijana wake kuubeba mpira kwa mbio kuliko kuurusha, kuwachosha wapinzani kwa mashambulio yasiyokoma, na kuvumilia. Mwaka 1977 timu yake ilicheza michezo 11 na kushinda yote 11.

Msimu uliofuata Florida A&M ilipanda kutoka daraja la pili na kuingia katika daraja jipya la I-AA. Ilishinda michezo 10 ya kawaida na kupoteza mmoja. Ndipo timu nne zikatajwa kugombea ubingwa: Massachusetts kutoka kaskazini mashariki, Nevada kutoka magharibi, na Jackson State na Florida A&M kutoka kusini. Mbili kati ya nne zilikuwa za vyuo vya watu weusi. Hilo lafaa litazamwe vizuri. Mahali pale pa kwanza ambapo taji la daraja hilo lilitafutwa kwa mchezo na si kwa kura, nusu ya waliofika mlangoni walikuwa wale ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa hawana kipimo.

Michezo ya nusu fainali ilichezwa tarehe 9 Desemba. Massachusetts ilikwenda Reno ikaishinda Nevada, ambayo ilikuwa haijashindwa msimu ule, kwa pointi 44 dhidi ya 21. Florida A&M ilikwenda Jackson, katika jimbo la Mississippi. Jackson State ilikuwa timu ya kuogopwa, na miaka michache kabla yake ilikuwa imemtoa Walter Payton, mmoja wa wabeba mpira bora wa karne ile. Mji wenyewe ulikuwa na jeraha lake: mwezi Mei 1970 polisi waliwapiga risasi watu katika chuo hicho, na vijana wawili wakafa. Miaka minane na nusu tu ilikuwa imepita. Mchezo ulikuwa mkali na wa pointi chache. Florida A&M ilishinda kwa 15 dhidi ya 10. Mpango wa mashindano uliwafanya ndugu wawili wakutane kabla ya fainali, ukamtoa mmoja wao. Lakini uliwahakikishia pia kuwa mmoja wao atafika.

Fainali ilichezwa Jumamosi ya tarehe 16 Desemba katika mji wa Wichita Falls, jimbo la Texas, mbali na makao ya pande zote mbili. Massachusetts haikuwa adui wa zamani wa Florida A&M, wala jimbo lake halikuwa na sheria za ubaguzi kama za Florida. Lakini kwa mtu aijuaye historia ya elimu ya Marekani, kukutana kwao kulikuwa na maana yake. Chuo Kikuu cha Massachusetts kilianzishwa mwaka 1863 kwa faida ya ile sheria ya kwanza ya vyuo vya kilimo, ya mwaka 1862. Florida A&M ilipata hadhi yake kwa sheria ya pili, ya 1890. Mmoja alikuwa mtoto wa sheria iliyotoa, na mwingine alikuwa mtoto wa sheria iliyotolewa kwa sababu ya kwanza ilikuwa imewasahau watu. Siku ile watoto hao wawili wa sheria mbili walisimama katika uwanja mmoja, wenye mistari ile ile na refa yule yule.

Pointi zilifuatana mpaka mwisho. Vijana wa Hubbard waliubeba mpira kwa mbio, kama walivyofundishwa, wakakata zaidi ya yadi 400 za ardhi kwa miguu. Mike Solomon peke yake alikimbia yadi 207. Kwa mchezaji mmoja katika mchezo mmoja, yadi 100 huhesabiwa kuwa kazi njema, sembuse mara mbili ya hizo katika fainali. Massachusetts haikukata tamaa, na tofauti ya mwisho ilikuwa pointi 7 tu. Florida A&M ilimaliza msimu na ushindi 12 na kushindwa kumoja. Katika misimu miwili ilikuwa imeshinda michezo 23 kati ya 24.

Walikuwako watu walioweza kusema kuwa taji hilo lilikuwa la daraja la chini. Mwaka uliofuata walipata jibu. Tarehe 6 Oktoba 1979 Chuo Kikuu cha Miami, cha daraja la juu, kilikuja Tallahassee. Florida A&M ikakishinda kwa pointi 16 dhidi ya 13. Miaka minne tu baada ya hapo Miami ilitajwa bingwa wa daraja la juu kwa msimu wa 1983. Mchezo mmoja hauthibitishi kuwa madaraja mawili yalikuwa sawa, wala si haki kuutumia hivyo. Wathibitisha jambo dogo zaidi na la hakika zaidi: kuwa ukuta uliowatenga wakubwa na wadogo ulikuwa wa fedha kwanza, na wa uwezo baadaye.

Lakini mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Fedha zilizoweka ukuta ziliendelea kuuinua. Hubbard aliondoka mwaka 1985 baada ya kushinda michezo 83, kupoteza 48, na kutoka sare mara 3; heshima ya kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mpira wa vyuo alipewa katika kundi la 2021. Mashindano ya I-AA yalikua kutoka timu 4 hata 8 mwaka 1981, 12 mwaka 1982, 16 mwaka 1986, 20 mwaka 2010, na 24 mwaka 2013. Jina la daraja lenyewe lilibadilishwa mwaka 2006. Milango iliongezeka, lakini tangu 1978 hata msimu wa 2024 hakuna chuo kingine cha watu weusi kilichotwaa taji hilo.

Sababu za jambo hilo ni zaidi ya moja, na si zote zilizotoka nje. Vyuo vya weusi vilikuwa na karamu zao zilizoleta watu na fedha kuliko mashindano ya taifa. Mchezo wa Grambling na Southern mjini New Orleans, ulioanza kuitwa Bayou Classic mwaka 1974, huchezwa mwishoni mwa Novemba, wakati ambapo mashindano ya kutoana huwa yamekwisha anza. Tangu 2015 mabingwa wa shirikisho mbili kubwa za vyuo hivyo huenda Atlanta kucheza wao kwa wao katika Celebration Bowl. Florida A&M ilishinda mchezo huo mwezi Desemba 2023, kwa pointi 30 dhidi ya 26 za Howard. Mtu aweza kuiita njia hiyo kujitenga, na mwingine aweza kuiita kujitegemea. Lililo wazi ni kuwa aliyenyimwa karamu ya wengine kwa muda mrefu hujifunza kupika yake, na baadaye haoni haraka ya kuiacha ipoe.

Mkondo nao haujageuka. Mwezi Desemba 2021 Travis Hunter, mmoja wa vijana waliotafutwa kuliko wote nchini, aliiacha ahadi yake kwa Florida State akachagua Jackson State, kwa mvuto wa kocha wake, Deion Sanders. Watu wengi wakadhani kuwa zamani imerudi. Baada ya msimu mmoja kocha alikwenda Colorado na mchezaji akamfuata, na mwaka 2024 alipewa akiwa huko zawadi kubwa kuliko zote za mpira wa vyuo. Hakutenda kosa, alitumia uhuru ambao waliomtangulia waliupigania. Lakini kisa chake chaonyesha kuwa hodari mmoja huweza kuja kwa mapenzi, na wengi hukaa kwa mali.

Juu ya mambo haya yamekuwako maoni mawili. Maoni ya kwanza husema kuwa kuondolewa kwa ubaguzi kuliharibu kazi ya vyuo vya weusi, na kuwa siku za Gaither zilikuwa siku za neema. Maoni ya pili husema kuwa vyuo hivyo vilikuwa matunda ya dhuluma, na dhuluma ikiondoka hakuna haja ya kuyalilia matunda yake. Kila moja lina sehemu ya kweli, na kila moja lakosa. La kwanza husahau kuwa ukuta ulikuwa ukuta. Mti ukiota katika ufa wa jiwe sifa ni ya mti, si ya jiwe. La pili husahau kuwa kilichoota nyuma ya ukuta kilikuwa na mizizi yake yenyewe: walimu, mafunzo, muziki, karamu, na uzoefu wa kumlea kijana ambaye hakuna mwingine aliyemtaka. Vitu hivyo havikuletwa na dhuluma. Vililetwa na watu waliokataa kushindwa nayo.

Kosa, basi, halikuwa la kuufungua mlango. Lilikuwa la kuufungua upande mmoja. Usawa wa kweli ungalimruhusu kijana mweusi kwenda Florida State, na papo hapo ungaliipa Florida A&M fedha, shule ya sheria, na uwanja wa kumshawishi kijana yeyote, mweusi au mweupe, kuja kwake. Lililofanyika lilikuwa rahisi zaidi kwa wenye nguvu: walihesabu waliotoka, wakauita wingi wao maendeleo, wala hawakuhesabu waliobaki. Mwanahistoria wa elimu, katika nchi yoyote ambamo shule za watu wa chini zimeunganishwa na shule za wakubwa, hana budi kuuliza maswali mawili pamoja: nani ameruhusiwa kuingia, na nini kimebaki mahali alipotoka.

Msimu wa 1978 ulisimama katikati ya maswali hayo mawili. Kabla yake Florida A&M ilikuwa na nguvu bila ya mlango; baada yake ilikuwa na mlango, na nguvu zikapungua. Kwa muda mfupi vitu hivyo viwili vilikutana, na matokeo yake yaliandikwa. Jina la daraja limebadilika tangu siku zile, timu nne zimekuwa 24, na vyuo vyenye fedha vimeyatwaa mataji kwa mfululizo. Lakini orodha ya mabingwa husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wake wa kwanza haubadiliki. Kila bingwa ajaye, awe tajiri kiasi gani, huandikwa chini ya chuo kilichoanza kwa wanafunzi 15 na walimu wawili.